Mafuriko yakibisha hodi, picha zako ziko wapi?

Msimu wa harusi ukipamba moto, mpiga video wa Nakuru hana Jumamosi ya kupumzika. Leo yuko Bahati kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, juma lijalo yuko Kuresoi kwenye koito, sherehe kama hiyo ya Wakalenjin, kisha harusi ya kanisani mjini na karamu yake Lanet. Kamera ya siku hizi hurekodi video ya 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, maana yake saa moja hula gigabaiti 45. Kamera mbili zikirekodi kwa saa nne, gigabaiti 360 zimekwenda kabla ya kuhesabu picha hata moja. Kompyuta nyingi za mkononi zina nafasi ya gigabaiti 256 au 512.

Balaa huanzia hapo. Harusi ya Januari inafutwa ili ya Aprili ipate pa kukaa. Asiyefuta hurundika kila kitu kwenye diski moja ya nje, akaiweka kabatini na kuamini kwamba kazi imehifadhiwa. Majumbani hali ni hiyo hiyo: picha za mtoto tangu azaliwe, sauti ya nyanya akisimulia alikotoka, video ya mazishi ya baba, vyote vimo ndani ya simu moja inayoweza kuporwa kwenye steji ya matatu.

Wengi hulilia diski kubwa zaidi. Lakini asiyechagua hatapata diski ya kumtosha, na diski ikiwa peke yake haiwezi kuwa salama, hata iwe ya bei gani.

Sisi wa Bonde la Ufa la Kati tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Ziwa Nakuru limepanda katika miaka ya karibuni hadi likafunika lango kuu la zamani la mbuga na kuwafukuza watu makwao upande wa Mwariki na Barut. Wakazi wa Kihoto, Naivasha, wameona maji ya ziwa yakiingia sebuleni. Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka Solai na kuua zaidi ya watu 40. Aprili 29, 2024, maji yalishuka Mai Mahiu usiku na kusomba nyumba pamoja na watu waliolala ndani. Kabla ya hapo, ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008, ziliteketeza maboma mengi Nakuru na Naivasha. Katika kila msiba wa aina hii, aliyenusurika huhesabu kwanza wapendwa wake, halafu mali. Baadaye, akitafuta picha ya marehemu ya kuweka kwenye tangazo la mazishi, hugundua kwamba nayo ilikwenda na maji au moto.

Jirani zetu wa Kericho wana mfano wa kumbukumbu iliyonusurika. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani ambaye sauti yake iliwafikia kupitia santuri, wakalitamka jina lake Kikwao. Tracey hakuiacha kanda hiyo ikae peke yake. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, na nyimbo alizokusanya zikachapishwa kwenye santuri na kusambazwa hadi ng'ambo. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba hiyo ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilizirudisha nyimbo hizo Kapkatet, zikasikika tena kwa wenyewe. Zilidumu kwa sababu zilikuwa na nakala, na nakala hizo zilikaa mbalimbali.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliueneza utaratibu huo kwa kanuni fupi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Wa Nakuru anaweza kuifuata bila kufilisika.

Aanze kwa kuchambua. Mkulima wa Njoro hatii mahindi gunini kabla ya kutoa yaliyooza. Naye mpiga picha asihifadhi picha kumi na tano za tabasamu moja. Afute zilizotikisika, zilizojirudia na vipande vya video vya kamera iliyosahauliwa ikiwa imewashwa. Kazi hii ifanywe wiki ile ile, angali anakumbuka nani ni nani. Kila folda ianze na mwaka, mwezi na tarehe, kisha jina la hafla, ili baada ya miaka kumi faili ipatikane. Video iliyokamilika ikibanwa kwa mfumo wa H.265 hupungua hadi karibu nusu ya ile ya H.264 huku macho yakiona ubora ule ule.

Mtandao nao una mipaka yake. Tangu Juni 1, 2021, Google Photos haitoi tena nafasi isiyo na kikomo bure. Akaunti hupewa gigabaiti 15 zinazogawanywa pamoja na barua pepe. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti moja huchukua zaidi ya siku tisa mfululizo, stima isipopotea. Kwa hiyo weka mtandaoni kile kidogo kisicho na mbadala: picha bora, sauti za wazee, hati za familia. Kumbuka pia kwamba simu ikiunganishwa na akaunti, picha ukiifuta upande mmoja huweza kufutika pande zote mbili.

Video nzito zipande matatu. Nunua diski mbili za ukubwa mmoja, nakili kazi yako kwenye zote, kisha moja mpelekee ndugu Eldoret au Molo. Kila ukienda kumwamkua, peleka iliyojaa mambo mapya na urudi na ile ya zamani. Zote mbili zifunge kwa nywila, kwa kuwa sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inazihesabu sura za watu kuwa habari zao binafsi. Kila baada ya miezi michache ziwashe, fungua faili kadhaa, uhakikishe zinacheza. Diski huchoka, na isiyokaguliwa humwangusha mwenyewe siku anapoihitaji.

Wapiga picha pia wawaambie wateja mapema, kwa maandishi, watatunza kazi yao kwa muda gani. Na mteja akikabidhiwa flashi ya harusi yake, aelewe kwamba sasa yeye ndiye mtunzaji.

Wikendi hii, kabla ya mvua nyingine, chagua picha mia moja ambazo familia yako haiwezi kuzipata popote tena. Zinakili mara tatu, na nakala moja itoke nje ya nyumba yako kabla ya Jumatatu.