Kabla ya Randa, Mizani

Kijana anayeanza useremala Keko, Dar es Salaam, hukabidhiwa msasa, baadaye randa, na macho yake yote yako kwenye mashine. Mimi ningemkabidhi mizani kwanza.

Mafundi waliotutangulia walilelewa na mninga. Mti ule husinyaa kidogo sana, kwa hiyo ulisitiri makosa mengi. Leo mninga umeadimika na bei yake inatisha, na kijana anajifunzia mpaini wa mashambani, kama ule wa Sao Hill kule Mufindi. Mpaini hausitiri mtu.

Mti ukikatwa, maji yaliyojaa ndani ya chembe zake hutoka kwanza, na ubao haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zenyewe za chembe huanza kukauka, na hapo ubao husinyaa. Urefu hupungua kidogo mno. Upana ndio unaoliwa. Tena, kusinyaa kwa kufuata duara za mti ni karibu mara mbili ya kusinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoupinda ubao.

Hapo ndipo mizani inapohitajika, kujua ubao umekauka kiasi gani. Kata kipande cha ubao mbali na ncha, kwa kuwa ncha hukauka upesi na zitakudanganya. Kipime uzito, kikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 103 mpaka uzito usishuke tena. Kikianza na gramu 120 kikaishia 100, unyevu ulikuwa asilimia 20. Kabati la ndani linataka kama 12, basi mbao hizo zirudi kivulini, zipangwe kwa vijiti vya unene mmoja, kila kijiti juu ya mwenzake.

Hata zikikauka, hazitulii. Masika ya Dar huzivimbisha, kiangazi cha Dodoma huzisinyaza. Niliwahi kugandisha paneli za milango ya mpaini kwenye fremu kwa gundi pande zote nne. Mteja alipohamia Dodoma, milango miwili ilipasuka katikati. Paneli huingia kwenye mfuo wa fremu bila gundi, ikiachiwa milimita chache kila upande. Gundi ni ya ndimi na matundu ya fremu tu.

Siku hizi mwanafunzi akiniletea mlango, kabla sijatazama uso wake naishika paneli na kuisukuma. Ikisogea, namwambia alete vanishi.