Mantapala: Nyumba zimesimama, kikwazo sasa ni kibali na barabara

Barabara kuu ya Mkoa wa Luapula hutoka Mansa kuelekea kaskazini, ikapita Mwense na Mwansabombwe, makao makuu ya Mwata Kazembe, hadi Nchelenge na soko la Kashikishi kando ya Ziwa Mweru. Ukiliacha ziwa na kuingia bara kwa njia ya udongo, unafika Mantapala. Hadi mwishoni mwa mwaka 2017 hapo palikuwa msitu na vijiji vichache vya wenyeji. Leo kuna nyumba za matofali, mashamba ya muhogo, shule, zahanati na maduka ya watu waliokimbia vita nchini Kongo.

Serikali ya Zambia na mashirika ya misaada walikusudia tangu awali kwamba Mantapala isiwe kambi ya mahema, bali makazi ambamo mkimbizi anajenga, analima na kuishi jirani na Mzambia. Ujenzi na kilimo vimepiga hatua. Swali lililobaki ni la ajira na soko: je, mtu aliyepewa ardhi anaweza kuishi kwa jasho lake ikiwa hawezi kutoka bila kibali, na ikiwa mvua ikinyesha lori halifiki?

Walikotoka

Wimbi la wakimbizi lilianza kuwa kubwa Agosti 2017, wakati mapigano yalipozidi katika majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga. Katika Tanganyika ugomvi wa Waluba na Watwa ulikuwa umegeuka kuwa vita vya vijiji. Upande wa Pweto, wanamgambo na majeshi ya serikali walipambana na raia wakakimbia. Waliovuka mpaka waliingia Zambia kupitia Chiengi, wakapelekwa katika kituo cha muda cha Kenani, wilayani Nchelenge.

Kuanzia Januari 2018 walianza kuhamishiwa Mantapala. Kabla mwaka huo haujaisha, makazi mapya yalikuwa na watu zaidi ya 10,000, wengi wao wanawake na watoto.

Hawakufika ugenini kabisa. Watabwa wako pande zote mbili za mpaka, na Kibemba kinasikika Pweto kama kinavyosikika Nchelenge. Chakula pia ni kilekile. Wakongo wa Katanga hukiita bukari, Wabemba ubwali, Lusaka nshima, na Mtanzania angekiita ugali. Kiswahili cha Katanga sasa ni lugha ya kawaida katika soko la Mantapala, ndani ya nchi ambayo, kama wanachama wenzake wa SADC, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo Agosti 2019.

Kutoka turubai hadi tofali

Familia ilipofika ilipewa kiwanja cha nyumba, sehemu ya kulima na vifaa vya kuanzia, likiwamo turubai. Ujenzi wenyewe ulikuwa juu yake. Wengi walianza na miti na turubai, kisha wakahamia matofali ya udongo na paa la nyasi. Watu wa Katanga wana ujuzi wa siku nyingi wa kufyatua na kuchoma matofali, na ujuzi huo ukawa miongoni mwa ajira za kwanza. Kijana mwenye nguvu alifyatua, mwingine akabeba maji, fundi akajenga, na mama mwenye fedha kidogo akalipa kwa unga au kwa kwacha.

Kikwazo kikubwa cha nyumba hizi ni mvua. Luapula ni miongoni mwa maeneo ya Zambia yanayopata mvua nyingi zaidi, na msimu huanza Novemba hadi Aprili. Tofali bichi lisilochomwa, ukuta usio na msingi wa mawe na paa la nyasi lisilobadilishwa havivumilii misimu mingi. Kuchoma matofali nako kunataka kuni. Kuni hizo zinatoka msitu uleule ambao wenyeji wanautegemea kwa uyoga, asali, mkaa na viunzi vya nyumba. Kila nyumba imara inayosimama ina gharama yake kwenye miti, na gharama hiyo wanaibeba wote.

Shule moja, zahanati moja

Sehemu ya mpango inayosifiwa zaidi ni huduma za pamoja. Shule zinafuata mtaala wa Zambia, na mtoto wa Kongo hukaa dawati moja na mtoto wa kijiji cha jirani. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kifaransa sasa anafundishwa kwa Kiingereza na Kibemba. Zahanati inapokea wote. Hilo si jambo dogo katika Nchelenge, wilaya inayojulikana kwa watafiti wa afya kuwa miongoni mwa zile zenye malaria nyingi zaidi nchini. Hospitali kubwa ya jirani, St Paul's ya Kashikishi, ilikuwa tayari na kazi nyingi kabla wageni hawajafika.

Kwa mkazi wa kijiji cha Luapula, hapa ndipo ujio wa wakimbizi unapopimwa. Kisima kilichochimbwa kwa ajili ya mkimbizi kikimhudumia naye, jirani ni neema. Kikifungwa upande mmoja, jirani anakuwa mzigo.

Serikali nayo imeongeza nguvu vijijini. Mwaka 2022 Zambia ilifuta ada katika shule za umma, ikaajiri walimu zaidi ya 30,000 na wahudumu wa afya zaidi ya 11,000 kwa mkupuo mmoja. Mwaka huohuo mfuko wa maendeleo ya jimbo ulipanda kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo la uchaguzi. Katika wilaya zilizo mbali na Lusaka kama Nchelenge, mishahara ya serikali na zabuni za madarasa ndizo fedha za uhakika. Zilizobaki hutoka ziwani, shambani na sokoni.

Ajira inayofuata samaki

Uchumi wa Nchelenge umejengwa juu ya samaki. Tangu enzi za ukoloni, Mweru na Mto Luapula vimelisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga na ya Copperbelt. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walikuwa wakipeleka samaki Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Samaki wakubwa kama mpumbu walivuliwa hadi wakapungua sana, na sasa riziki ya wengi ni chisense, samaki wadogo wanaoanikwa juani kama dagaa wa Kigoma.

Uvuvi huo una likizo yake. Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, serikali hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo mitatu fedha hupungua Kashikishi, nao ndio wakati ghala la chakula limeisha na mazao mapya hayajakomaa.

Hapo ndipo Mantapala inapoweza kuwa na faida kwa wilaya nzima. Muhogo hauna likizo. Hukaa ardhini mwaka mmoja au zaidi, ukang'olewa pale unapohitajika, ukalowekwa, ukaanikwa na kusagwa. Mwaka 2024, ukame ulipoharibu mahindi ya kusini na katikati ya Zambia hadi Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la kitaifa, thamani ya maeneo ya kaskazini yenye mvua na muhogo ilionekana wazi. Zaidi ya kilimo kuna cherehani, vinyozi, mashine za kusaga, mafundi baiskeli, wauza vitumbua na maduka ya sabuni na chumvi. Mji mdogo huanza na kazi kama hizi.

Mlango wa makazi

Tatizo linaanza pale mkulima anapovuna zaidi ya anachokula. Zambia ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1969, lakini ikaweka masharti yake juu ya ajira na uhuru wa kutembea. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2017 iliboresha mambo kadhaa, ila utaratibu wa msingi ulibaki: mkimbizi anaishi katika makazi aliyopangiwa, na akitaka kutoka anaomba kibali chenye muda maalumu. Akitaka kuajiriwa, anahitaji kibali cha kazi chini ya sheria za uhamiaji. Vibali vya aina hiyo viliwekwa kwa kumfikiria mtaalamu au mwekezaji wa kigeni, si mama mwenye magunia manne ya muhogo mkavu.

Chukua mfano wa mama huyo. Bei nzuri iko Kashikishi, au mbali zaidi Mansa na Copperbelt. Lazima aombe kibali, apate usafiri, afike, auze na kurudi kabla muda haujaisha. Barabara ikikatika kwa mvua, kibali kinaisha akiwa njiani. Ndiyo maana wengi huuza kwa mchuuzi anayekuja hadi Mantapala. Mchuuzi anajua kwamba muuzaji hana pa kwenda, na bei anaipanga yeye.

Kwa njia ya Chembe, lori la Mzambia linalotoka Luapula kwenda Copperbelt hupita kwa kilomita zipatazo 70 ndani ya ardhi ya Kongo, likitumia barabara iitwayo Pedicle, baada ya kuvuka Daraja la Levy Mwanawasa lililofunguliwa 2008. Mzigo wa Zambia unavuka mpaka mara mbili ili ufike Zambia. Mkongo wa Mantapala, kwa upande wake, anahitaji ruhusa ili afike sokoni ndani ya wilayani.

Hoja za wenyeji

Wanaotetea utaratibu huo wana sababu. Vijana wa Luapula wenyewe hawana kazi za kutosha, na mgeni anayekubali ujira mdogo hushusha bei ya kibarua. Serikali pia inaogopa silaha na wapiganaji kujificha miongoni mwa raia, kwa kuwa uwanja wa vita haukuwa mbali na mpaka. Na nchi inayohifadhi wakimbizi na waliokuwa wakimbizi wapatao laki moja haiwezi kuandikisha watu bila hesabu.

Lakini kumfungia mtu ndani hakumwondoi kwenye soko la kazi. Kunamfanya afanye kazi kwa kujificha, bila kodi na bila mkataba, na huyo ndiye anayeshusha ujira zaidi.

Majirani wamejaribu njia tofauti. Januari 2018, mwezi uleule Mantapala ilipoanza kupokea watu, Tanzania ilijiondoa katika mpango wa kimataifa ambao Zambia ilikuwa ikiutekeleza, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha. Hata hivyo Tanzania hiyohiyo iliwapa Warundi wa 1972 ardhi huko Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakawa wakulima wanaolisha wengine, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walipata uraia. Uganda, kwa sheria yake ya 2006, inaruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, ingawa viwanja vinazidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Kenya ilianzisha makazi ya Kalobeyei mwaka 2016. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 katika eneo la Kakuma, na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka.

Fedha za msaada zinapungua

Uamuzi huu hauwezi kusubiri sana. Msaada wa chakula kwa wakimbizi nchini Zambia umewahi kupunguzwa kwa kukosa fedha, na mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilikata misaada yake duniani. Familia iliyopewa ardhi lakini ikakosa soko ndiyo inayoumia kwanza mgawo unaposhuka.

Desemba 2021 baadhi ya wakazi walianza kurudi kwa hiari Pweto kwa msaada wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Wapo wanaosema haina maana kuweka lami kwa watu watakaoondoka. Luapula ina historia inayojibu hoja hiyo. Kambi ya Kala huko Kawambwa, pamoja na Mwange huko Mporokoso katika mkoa wa jirani, zilipokea Wakongo wa vita ya 1998, zikafungwa takriban 2010 baada ya watu kurudi kwao. Miaka saba baadaye Wakongo wengine walikuwa wanavuka Chiengi, na Zambia ikaanza upya kufyeka msitu.

Barabara, daraja, darasa na mashine ya kusaga havirudi Pweto. Mkimbizi akiondoka, vinabaki kwa mkulima wa Nchelenge. Akibaki, vinamwezesha kujilisha. Kibali cha kutoka chenye muda mrefu zaidi hakihitaji hata saruji. Kinahitaji uamuzi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na kikipatikana kabla ya mvua za Novemba, muhogo unaovunwa sasa utaweza kufika Kashikishi wakati marufuku ya uvuvi inapoanza na watu wa ziwani wanapotafuta cha kupika.