Kabla ya kuinua jipu yako, hesabu meno yake



Umekwisha kuona jipu iliyoinuliwa, yenye mipira minene, ikipita katika mji wetu? Vijana wanageuka kuiangalia. Watoto wanapiga kelele. Na mwenye jipu, hata kama mufuko uko mutupu, anajiona kama mukubwa wa kampuni. Mimi pia ninazipenda, sitaficha. Lakini niko na hadisi moja ya kukuelezea.

Kijana mumoja wa kwaya yetu alinunua Land Cruiser ya zamani, ile ya mazutu, silindri 6. Nusu ya feza ilikuwa yake. Nusu ilitoka kwa mama yake, mwenye kuuza unga sokoni. Jipu ilipaswa kubeba watu na mizigo kwa njia za vijiji, pahali magari madogo hayafiki wakati wa mvula. Lilikuwa shauri zuri. Lakini kabla ya kubeba hata gunia moja, aliweka resori ndefu na mipira mikubwa. Kumbe, jipu ikakataa kupanda mulima! Kwa vitesi ya tatu motere ilikuwa inakufa. Kwa vitesi ya pili ilitoa moshi mweusi, na ambreyaje ikaanza kunuka.

Rafiki akamwambia: "Yaya, badilisha ponti." Wakapata ponti ya nyuma kwa gari iliyokufa, wakaifunga siku moja. Na kweli, jipu ikapata nguvu. Sisi wote tulifurahi.

Wiki ya pili tulipanda naye kwenda kuzika muzee mumoja kijijini. Mvula ikanyesha, njia ikawa matope, akaingiza 4x4. Hatukumaliza hata kilometre mbili. Tukasikia "ta!" chini ya miguu yetu, kama mutu amepiga chuma kwa nyundo. Bwate ya pili, ile inayogawanya nguvu mbele na nyuma, ilikuwa imepasuka. Tulifika kesho yake, mazishi yamekwisha. Jipu ilikaa miezi minane juu ya mawe, na mama yule akaendelea kuuza unga, lakini si kwa furaha kama mbele.

Watu wakaanza kusema: "Ni wivu ya majirani. Ni uchawi." Hapana, ndugu yangu. Tuliingia chini ya jipu na kuhesabu. Ponti ya mbele na ponti ya nyuma hazikuwa na namba moja. Ni ile tu. Njo maana ninaandika, kusudi wewe usilipe shule ileile mara ya pili.

Mupira mukubwa unaiba nguvu

Tuanze na kitu chepesi. Resori ndefu zinainua bodi ya jipu; haziinui ponti. Ile kichwa cha chuma katikati ya ponti, kinachogonga mawe, kinabaki pahali pake. Kinachoinua ponti ni mupira tu, na inainua kwa nusu: ukiongeza mupira sentimetre 8, ponti inapanda sentimetre 4.

Na mupira haukupi bure. Mupira wa kawaida wa 7.50-16 una kimo cha karibu sentimetre 80. Ule mukubwa wa 315/75 R16 unafika 88. Ni sehemu moja ya kumi zaidi. Kila mara gurudumu linazunguka, jipu inaenda mbali zaidi, lakini motere inasukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Ni kama mutoto anayepiga kinga kwa baiskeli ya baba: miguu ni ileile, gurudumu ni kubwa, mulima unamushinda.

Tena usisahau pahali tunakaa. Kolwezi iko juu kupita metre 1400, Lubumbashi juu kupita 1200. Hewa yetu ni nyepesi. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila metre 1000. Mulima umekwisha kuchukua fungu lake; mupira nao unakuja kuchukua lake. Je, motere itabaki na nini?

Ndani ya ponti kuna nini?

Karda inatoka kwa bwate na kuingia katikati ya ponti. Kwenye mwisho wake kuna chuma kidogo chenye meno: pinyo. Pinyo inazungusha sahani kubwa yenye meno: kurone. Chukua meno ya kurone, gawanya kwa meno ya pinyo. Kwa mufano 37 kwa 9 inatoa 4,11. Maana yake: karda inazunguka mara 4,11 kusudi magurudumu yazunguke mara moja. Namba kubwa ni nguvu zaidi na mbio kidogo. Namba ndogo ni mbio zaidi na nguvu kidogo.

Land Cruiser nyingi za kazi zilitoka kiwandani na 4,11. Ukiweka mupira wa 88 pahali pa 80, ni kama umeshusha namba ile mpaka 3,74. Kijana wetu hakugusa ponti, lakini mupira uliigusa kwa siri.

Namba gani inafaa?

Hesabu yake ni nyepesi, hata mutoto wa shule ya musingi anaiweza. Chukua namba ya zamani, zidisha kwa kimo cha mupira mupya, gawanya kwa kimo cha mupira wa zamani. 4,11 mara 88, gawanya kwa 80: inatoa 4,52. Dukani utapata 4,56. Hiyo inarudisha jipu vile ilivyokuwa. Na kontere, ambayo inahesabu mizunguko ya karda, itarudi kusema kweli. Bila kubadilisha, inasema 80 na wewe unakimbia 88!

Wengine wanataka 4,88 mara moja. Kwa mutu anayebeba mizigo mizito katika milima na matope, si mubaya. Lakini angalia motere. Kwa kilometre 80 kwa saa, vitesi ya ine, motere yenye 4,11 na mipira ya zamani inazunguka karibu mara 2200 kwa dakika. Kwa mipira mikubwa na 4,56 ni vilevile 2200. Kwa 4,88 inapanda mpaka 2350. Kama kila wiki unaenda Kolwezi mpaka Lubumbashi kwa kaburimbo, utasikia kelele ile njia yote, na mazutu itakuambia pia. Tena, namba ikipanda, mara nyingi pinyo inakuwa ndogo, na chuma kidogo kinavunjika upesi kupita kikubwa.

Kwa hiyo jiulize kwanza: jipu hii itafanya kazi gani siku nyingi? Usichague namba kwa ajili ya siku moja ya matope kwa mwaka.

Mbele na nyuma, namba moja

Hapa njo kijana wetu alianguka. Tuseme mbele kuna 4,11 na nyuma 4,56. Ukiingiza 4x4, karda mbili zinazunguka pamoja. Kwa mizunguko 100, magurudumu ya mbele yanataka kuzunguka mara 24, ya nyuma mara 22. Lakini yote yako chini ya jipu moja! Mbele inavuta, nyuma inakatala, na vyuma vya katikati vinapotoshwa mpaka kimoja kinaachilia. Matope yanasamehe kidogo. Udongo mugumu hausamehe hata kidogo.

Kama huna feza ya ponti mbili, usibadilishe moja. Ngoja. Kungojea haijavunja bwate ya mutu.

Namna ya kuhesabu wewe mwenyewe

Kabla ya kununua jipu ya zamani, usiamini maneno ya muuzaji. Fanya hivi:

1. Weka jipu pahali pa sawa, bwate katikati, freni ya mukono imeachiliwa, mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini.
2. Inua gurudumu moja tu la nyuma. Weka kiti cha chuma au kipande kikubwa cha muti chini ya ponti. Usiingie hata siku moja chini ya gari inayosimama kwa jeki peke yake.
3. Weka alama ya choki juu ya karda na juu ya mupira.
4. Zungusha gurudumu mara mbili kamili. Mwenzako ahesabu karda. Mara ine na kidogo ni 4,11. Mara ine na nusu ni 4,56. Karibu mara tano ni 4,88.
5. Rudia mbele, mikono ya 4x4 kwenye magurudumu ikiwa imefungwa. Kama hesabu mbili hazilingane, achana na jipu ile ao ondoa feza ya kutengeneza kwa bei yake.

Kubadilisha ponti nzima

Wakati mwingine ubaya si namba, ni ponti yenyewe iko dogo. Jipu ndogo za Toyota ziko na kurone ya karibu sentimetre 20. Zile kubwa za kazi, karibu 24. Mipira mikubwa na mizigo mizito inamaliza ile ndogo.

Tena kuna ponti za namna mbili. Katika ya kwanza, abre inayozungusha gurudumu inabeba na uzito pia. Ikivunjika, gurudumu linaweza kutoka na kwenda zake. Katika ya pili, uzito unabebwa na ponti, na abre inazungusha tu. Ikivunjika, gurudumu linabaki. Namna ya kuitambua: katikati ya gurudumu la nyuma kuna kichwa kinachotokea inje, chenye bulo kuzunguka. Kwa gari inayobeba watoto wa watu, mimi ningetafuta ile ya pili.

Kabla ya kulipa, pima. Upana wa mbele na nyuma ulingane. Hesabu bulo za gurudumu: Land Cruiser za kazi zilikuwa na 6, lakini tangu mwaka 1999 zile ndefu na za kubebea mizigo ziko na 5. Usijikute na magurudumu ya namna mbili na rezevu moja. Angalia pahali pa kukalisha resori, urefu wa karda, bomba za freni, kamba ya freni ya mukono. Kama gari ilitoka Japani na vola iko kuume, angalia mukono wa vola kwenye ponti ya mbele.

Na fundi? Kurone na pinyo zinapaswa kuachana chini ya robo ya milimetre. Haipimwi kwa jicho. Fundi asiye na chombo cha kupimia, umushukuru na uende kwa mwengine. Meno mapya uyatembeze polepole, bila mizigo, na kiisha kilometre 800 ubadilishe mafuta ya ponti.

Usisahau walio ndani

Jipu iliyo juu inaanguka upesi kwenye kona. Mipira mizito inafanya freni zichelewe. Bomba ya freni iliyovutwa inaweza kukatika. Kwa familia nyingi, mupira wa 285/75 R16, wenye sentimetre 83, unatosha: unaiba 4 tu kwa 100, na ponti inabaki vile iko.

Kijana wetu? Kiisha miezi ile minane, jipu ilirudi barabarani na ponti zake za zamani na mipira ya kawaida. Haigeuzi tena vichwa vya watu. Lakini inapanda mulima, inabeba magunia, na mwezi uliopita mama yake alikaa mbele, kando ya dereva, akicheka.