Kwa Nini Wazazi Walitoa Feza?

Mnakumbuka mwaka 1992? Walimu wa nchi yetu waligoma kwa sababu ya mshahara. Ndipo Maaskofu Wakatoliki na chama cha wazazi walipopatana kwamba wazazi wawatunze walimu, shule zisife. Mama aliuza mihogo, baba alikopa. Waliogopa mtoto asikue bila kujua kusoma.

Lakini msaada ule uligeuka kodi, tusifiche: asiyelipa alifukuzwa darasani. Mwaka 2019 Serikali iliondoa malipo hayo katika shule za msingi za umma. Shule za binafsi zingali zikiishi kwa mfuko wa wazazi. Na mwanafunzi wa zamani anayeiletea shule yake mabati au madawati, mara nyingi humkumbuka mwalimu aliyemfundisha bila mshahara.