Je, Wajua? Swichi Tisa, Anwani Moja

Je, wajua kwamba EtherSwitch ya kampuni ya Kalpana, swichi ya kwanza ya Ethernet kuingia sokoni mwaka 1990, ilikuwa na matundu 7 tu? Mwaka 1994 Cisco iliinunua kampuni hiyo.

Je, wajua kwamba swichi za Cisco Catalyst 3750 huweza kuungwa hadi 9 zikafanya kazi kama moja? Fundi huzisimamia zote kwa anwani moja ya IP.

Je, wajua kwamba haziungwi kwa waya wa kawaida wa mtandao? Nyuma ya kila moja kuna matundu mawili ya kebo maalumu, nene, yenye urefu wa nusu mita, mita 1 au mita 3. Swichi ya kwanza huungwa na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya mwisho hurudishwa kwa ya kwanza. Hapo ndipo kebo ya mita 3 inapohitajika.

Je, wajua faida ya kufunga duara hilo? Kebo moja ikichomoka, kazi inaendelea, ila uwezo hushuka kutoka gigabiti 32 kwa sekunde hadi 16. Zikichomoka mbili, kundi huweza kupasuka vipande viwili vinavyogombea anwani ileile.

Je, wajua kwamba duara kama hilo kwa nyaya za kawaida huweza kuuangusha mtandao mzima? Data huzunguka bila kikomo. Radia Perlman ndiye aliyebuni kinga yake, spanning tree, mwaka 1985.

Je, wajua kwamba swichi hizo humchagua kiongozi wao? Kila moja hupewa kipaumbele cha 1 hadi 15, na yenye kikubwa hushinda. Lakini ikiungwa mpya yenye 15, ikiwa imezimwa, wakati kiongozi yupo kazini, haimng'oi.

Je, wajua jinsi ya kuijua swichi ni ya ngapi bila kompyuta? Bonyeza kitufe cha Mode mpaka taa ya STACK iwake, kisha tazama taa za matundu: namba ya ile inayowaka na kuzimika ndiyo namba yake.

Je, wajua kwamba swichi mpya huungwa ikiwa imezimwa? Ukiiunga ikiwa inawaka, tayari ikijiongoza yenyewe, viongozi wawili watapigania kiti, na upande utakaoshindwa utajizima na kuwaka upya, ofisi nzima ikiwa kazini.