Umeokota chupa ya "enzi za Mjerumani"? Jinsi ya kujua umri wake kabla hujaiuza

Katika vijiji vya Ikoma, wilayani Serengeti, jembe linaweza kugonga kioo cha zamani. Si mbali na Robanda lipo boma la Fort Ikoma, lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Heinrich Naumann kiliingia humo na kupigana na jeshi la Wabelgiji. Palipokaa askari hubaki vyombo vyao, chupa zikiwemo.

Taabu huanza chupa ikishatoka ardhini. Anaweza kutokea mtu akakwambia hiyo ni mali ya Mjerumani yenye thamani ya mamilioni, ila kwanza utume pesa ya "kuipima". Kabla hujatuma hata shilingi, ikague mwenyewe. Kumbuka kanuni moja: alama iliyo mpya kuliko zote ndiyo inayoamua. Chupa yenye alama tisa za kale na moja ya juzi ni chupa ya juzi.

Anza na mdomo na ubavu

Ioshe taratibu kwa maji, lakini usilowanishe karatasi yenye maandishi. Kisha tafuta ubavuni mstari mwembamba wa mshono. Huo huachwa na kalibu, yaani umbo la chuma ambamo kioo cha moto hupulizwa.

Mshono ukipanda hadi juu ya mdomo, chupa hiyo ilitengenezwa na mashine. Mashine ya kwanza iliyofanya kazi yote yenyewe ilibuniwa na Mmarekani Michael Owens, naye akapewa hataza mwaka 1904. Kwa hiyo chupa hiyo kwa kawaida si ya karne ya 19. Mshono ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono, na mara nyingi chupa ya namna hiyo ni ya kabla ya miaka ya 1920.

Chupa nyingi za mvinyo za zamani hazina mshono kabisa, kwa kuwa zilizungushwa ndani ya kalibu. Ukiziangalia juani utaona vijistari vyembamba vinavyozunguka mwili wake.

Angalia pia kama mdomo umetengenezwa kwa ajili ya kizibo cha bati chenye meno, kama cha soda. Kizibo hicho kilibuniwa na William Painter huko Marekani mwaka 1892.

Kitako

Kovu la kioo kilichokwaruza katikati ya kitako ni dalili ya chupa kongwe, mara nyingi ya kabla ya miaka ya 1870. Kitako kilichobonyea ndani peke yake si ushahidi, maana hata chupa za mvinyo za leo zinacho.

Maandishi

Jina la nchi husaidia sana. "Deutsch-Ostafrika" ni jina la koloni la Wajerumani. "Tanganyika Territory" ni jina la wakati wa Waingereza, kuanzia 1920. "Tanzania" lilianza kutumika Oktoba 1964. Ukiona mistari myeusi inayosomwa na mashine ya dukani, chupa ni ya baada ya 1974.

Kumbuka pia kwamba chupa hutumika tena na tena, kwa mafuta ya taa, asali au dawa ya mifugo. Mwaka ilipotengenezwa si lazima uwe mwaka ilipofukiwa.

Ikiwa bado imefungwa

Chupa nzito na nyeusi yenye neno "Port" au "Porto" ni ya mvinyo mtamu wa Ureno, ulioongezwa pombe kali ya zabibu hadi kufikia ukali wa asilimia 20 hivi. Hapa wengi hukosea kusoma namba. Neno "Vintage" pamoja na mwaka humaanisha mwaka wa mavuno, na mvinyo huo hutiwa kwenye chupa baada ya miaka miwili hivi, ukazeekea humo. Lakini "Tawny" yenye namba 10, 20, 30 au 40 ni mvinyo uliozeeshwa kwenye mapipa ya mbao. Namba hiyo ni umri wa wastani wa mvinyo siku ulipotiwa kwenye chupa, si umri wa chupa.

Shingoni kunaweza kuwa na karatasi ya muhuri wa Taasisi ya Mvinyo wa Porto. Taasisi hiyo iliundwa mwaka 1933, kwa hiyo chupa yenye muhuri huo haikuachwa na askari wa Mjerumani.

Usiionje. Huwezi kujua nani aliijaza mara ya mwisho wala aliijaza nini. Kifuniko laini cha kijivu juu ya kizibo kinaweza kuwa cha madini ya risasi, ambayo ni sumu. Watoto wasiichezee.

Fanya nini sasa?

Chupa tupu za kawaida zilitengenezwa kwa wingi, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Thamani yake kubwa ni ushahidi. Piga picha, andika mahali na kina ulipoikuta, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa afisa utamaduni wa wilaya. Mkoani kwetu pia ipo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama.

Usiendelee kuchimba ukitafuta nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale, na ndani ya hifadhi kuna sheria zake. Aidha, hapo palikuwa uwanja wa vita. Ukikuta chuma kinachofanana na bomu au risasi, usikiguse. Rudi nyuma, weka alama mbali nacho, na uwaite polisi.

Na yule anayetaka pesa ya "kupima"? Mwulize mshono wa chupa yako unaishia wapi. Kama hajui, hana cha kupima.