Wembe wa Babu Haupelekwi kwa Grainda

Swali ni lile lile, litoke Lavington au Kangemi: "Fundi, nimepata wembe wa kukunja wa marehemu babu, umeshika kutu. Ni nani ana grainda nzuri hapa mjini?" Hakuna. Grainda nzuri ya wembe haipo River Road wala Kamukunji, na anayekuambia ipo anataka hela zako tu.

Imani yenyewe naijua: cheche zikiruka, makali yanaingia. Kwa panga, sawa. Panga ni nene, na hakuna anayenyolea ndevu. Wembe wa Sheffield au Solingen umechimbwa pande zote mbili mpaka karibu na makali chuma kinabaki chembamba kama karatasi. Waliouunda waliupasha moto, wakauzima ghafla ukawa mgumu, kisha wakaupasha tena taratibu, nyuzi 200 hivi za Selsiasi, usije ukameguka. Ukipita joto hilo, ugumu unaanza kutoka. Sasa diski ya grainda ya mkono huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na ukingo mwembamba hauna pa kuupeleka moto wote huo. Tazama makali diski inapoyagusa: yanageuka manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Buluu ni kama nyuzi 300. Umekwisha, na sekunde hazijafika tano.

Hapo fundi huuchovya kwenye mkebe wa maji, mvuke unafuka, mteja anaridhika. Maji hayo hayarudishi kitu! Chuma kilicholegea hakiwi kigumu tena mpaka kipashwe kiwe chekundu, takriban nyuzi 800, ndipo kizimwe. Na wembe mwembamba hivyo utapinda au kupasuka. Tena ile buluu ni utando wa juu tu. Msasa unaifuta, wembe unang'aa, unauzwa kwa bei ya mzima. Mnunuzi atajua akinyoa mara ya pili, makali yamelala na kidevu kinawaka.

Haya, kazi yenyewe. Kutu: mafuta ya cherehani usiku kucha, kisha msasa wa maji namba 400, 800, 2000, kwa mkono, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, la sivyo utajikata. Vishimo vikiwa vimefika kwenye makali yenyewe, utundike ukutani. Kunoa: jiwe la maji namba 1000 halafu 8000, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, umalizie kwa mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Mpini wa seluloidi ulioanza kuoza hutoa hewa ya asidi inayokula chuma, kwa hiyo utupe hata kama unapendeza. Omba vipande vya mpingo au muhugu kwa wachongaji wa Gikomba, au mabaki ya mahogani kwa mafundi wa fanicha wa Ngong Road. Vibao viwili vya milimita 3, kabari nyembamba katikati yao upande wa mwisho, waya wa shaba kwa ribiti. Gonga kwa kinyundo kidogo, si nyundo ya seremala, tafadhali, mpaka wembe ufunguke kwa kusita kidogo. Paka mafuta ya kitani.

Na mpini ukiwa wa pembe za ndovu? Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa nao bila kibali ni kosa. Waulize Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), mimi usiniletee.